Kozi ya jioni ya kuzuia ugomvi wa vijana, Mwanga, Kigoma: inafaa, ila wanaikatisha mapema

Kwa wenye haraka: mpelekeni mtoto. Nawapa nyota tatu na nusu kati ya tano. Zingefika nne na nusu kama wangeacha kuwapeleka vijana gerezani kuwatisha, na kama wasingewapa cheti na kuwaaga pale pale kazi inapoanza. Kituo sikitaji jina, maana nina malalamiko nao na bado tunasalimiana sokoni. Aliye Kigoma mjini akifika Mwanga akauliza "wanakofundisha vijana kutopigana" ataelekezwa.

Niseme na mimi ni nani hata nianze kugawa nyota. Nina duka la dawa muhimu Ujiji, na kabla ya duka nilikuwa muuguzi. Nafunga saa nne usiku. Jumamosi na Jumapili, ile saa ya mwisho, wateja wangu wengi ni vijana wanaotaka pamba, spiriti, bandeji na GV, mkono mmoja wameuficha ndani ya fulana. Hospitali hawaendi. Ukienda hospitali na jeraha la kupigwa au kukatwa unaulizwa fomu ya PF3. PF3 inatoka polisi. Polisi utaulizwa nani kakukata. Na aliyekukata ni mtu mnayekaa naye kijiwe kimoja. Basi wanakuja kwa mama. "Mama, nimeteleza na bodaboda." Bodaboda gani hiyo inayochana mkono kwa mstari mnyoofu, halafu suruali haina hata vumbi? Nasafisha, nafunga, na anayetakiwa kushonwa namwambia aende hospitali, hapo ndipo tunapoanza kuvutana.

Safari moja aliyekuja na mkono wa namna hiyo alikuwa mtoto wa kaka yangu, yuko kidato cha tatu. "Shangazi, usimwambie baba." Sikumwambia. Nikaulizia kozi.

Ni Jumanne na Alhamisi, kuanzia baada ya alasiri mpaka magharibi inapokaribia, kwa miezi mitatu. Ada hakuna. Kuna shilingi 5,000 ya fulana ambayo si lazima, ingawa yule dada wa kuandikisha anaitamka kama ya lazima. Mwambie mtoto fulana anazo. Kundi moja lina vijana kumi na tano hivi, mchanganyiko: wanafunzi, waendesha bodaboda, wawili watatu wa Kibirizi, kwenye mwalo wa wavuvi, fundi wa kuchomelea kutoka Gungu. Wasichana wana siku yao, sijaiona, kwa hiyo siisemei. Walezi wanaruhusiwa kukaa viti vya nyuma, kwa sharti la kunyamaza. Mimi kunyamaza ni mtihani, lakini nilikaa.

Jioni niliyoipenda kuliko zote ni ya ngumi. Kiongozi wa kundi ni kijana wa Katubuka, zamani alikuwa utingo wa mabasi ya Kasulu, na utingo anajua kelele za watu. Akawapanga wawili wawili. Mmoja wa kila jozi akapewa kokwa ya mise, yaani ya tunda la mchikichi, aifumbate. Mwenzake akaambiwa: "Una nusu dakika. Ipate." Basi. Hakueleza zaidi.

Ukumbi ukachafuka. Huyu anamkunjua mwenzake kidole kimoja kimoja, huyu kamkaba mtu shingo, yule wa kuchomelea kamkalia mwenzake mgongoni na bado hajaipata. Mtoto wa kaka yangu alilala kifudifudi sakafuni, ngumi kaiweka chini ya tumbo, meno yametoka. Wakabadilishana zamu, ikawa vilevile. Filimbi ikapigwa, wote wanahema.

Kiongozi akauliza, "Nani alimwomba mwenzake?"

Kimya.

Akamgeukia mmoja wa Kibirizi. "Wewe ungeombwa, ungetoa?"

"Ningempa. Ya nini sasa? Kokwa tu."

Walicheka sana. Na hapa ndipo nilipomvulia kofia yule utingo, maana mimi ningeanza kuhutubia, na yeye hakuhutubia. Alisema kila mtu ataje ugomvi wake wa mwisho, kisha aseme kokwa ilikuwa nini. Mmoja: kiti cha mbele kwenye banda la mpira. Mwingine: mia tano ya mafuta ya pikipiki. Mwingine akafikiri, akasema, "Aliniangalia." Kuangaliwa tu. Kisha wakasimama wakaurudia ugomvi ule ule mbele ya wenzao, na mwenzake akaagizwa amtukane kikwelikweli, yeye ajaribu kuanza na maneno. Wakabishana kama matusi ya mama yaruhusiwe mazoezini. Wakaamua yaruhusiwe, kwa hoja kwamba huko nje hakuna atakayeyaruka kwa sababu ya adabu. Nilitazama dari. Lakini hoja yao ilikuwa na akili, na waliorudia mara ya pili na ya tatu walionekana kabisa kuwa wepesi zaidi: mabega yanashuka, mtu anapata neno la mzaha, anageuka pembeni bila kuonekana amekimbia.

Mchezo huu si wa Kigoma. Umetoka Chicago, kwenye programu ya Becoming a Man iliyoanzishwa na shirika la Youth Guidance mwaka 2001. Kule wanatumia mpira mdogo na sekunde 30. Mwaka wa masomo 2009/10 watafiti waliipima katika shule 18 za mitaa yenye shida, wavulana wakagawanywa kwa bahati nasibu, wengine wakapata kozi, wengine hawakupata. Waliohudhuria, kukamatwa kwao kwa makosa ya kutumia nguvu kulipungua kwa asilimia 45 hadi 50 katika kipindi cha kozi. Mimi ni mgumu kuamini namba za ng'ambo, ila maelezo ya watafiti wale ndiyo ninayoyaona dukani kwangu. Kijana wa mtaa mkali hapigani kwa kutojua kwamba kupigana ni vibaya. Anajua. Anajibu haraka kwa sababu kujibu haraka kumemlinda: leo ukinyang'anywa simu ukanyamaza, kesho watakuja kuchukua viatu. Shida ni kwamba mkono unajibu vilevile hata pasipo na mnyang'anyi, kwa mwalimu, kwa kondakta, kwa mdogo wake wa tumbo moja. Kozi inamzoesha kusimama kidogo ajiulize hapa ni wapi na huyu ni nani. Haimwambii awe mnyonge. Wangeambiwa hivyo, Alhamisi ukumbi ungebaki na viti.

Sasa lawama, na ya kwanza ndiyo kubwa.

Hapo hapo Chicago, kozi ilipokwisha, ile tofauti ya kukamatwa ilififia. Liberia ndiyo imetupa jibu la kueleweka zaidi, na maisha ya kule yanafanana na yetu. Monrovia, miaka michache baada ya vita, Christopher Blattman, Julian Jamison na Margaret Sheridan waliwafuata wanaume 999 waliokuwa wakiishi kwa wizi, madawa na ubabe. Wengine wakapewa kozi ya wiki 8 ya kujizuia na kujenga tabia mpya, wengine dola 200 za Marekani, wengine vyote viwili, wengine hawakupewa kitu. Baada ya miaka 10 wakatafutwa tena. Waliopata vyote viwili ndio waliobaki tofauti: wizi na ukorofi wao ulikuwa chini kwa karibu nusu. Fedha peke yake haikuacha alama ya kudumu, kozi peke yake ilipungua nguvu. Na dola zile hazikumtajirisha mtu, ziliisha mapema. Watafiti wanaona kazi yake ilikuwa kumpa mtu miezi kadhaa ya kuyaishi mazoezi yale akiwa na biashara ndogo na nguo safi, watu wakaanza kumwita kwa jina jingine.

Kwetu Mwanga wanatoa cheti. Kizuri, kina mhuri, kina picha ya njiwa. Fundi wa Gungu alinionyesha cha kwake, kakiweka ndani ya mfuko wa nailoni pamoja na kadi ya kliniki ya mtoto wake, akaniuliza, "Mama, hiki napeleka wapi?" Sikuwa na jibu. Halmashauri zetu zimeagizwa kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Vijana kumi na tano waliokaa pamoja miezi mitatu tayari ni kikundi. Kinachotakiwa ni katiba ya kikundi, akaunti ya benki na mtu wa kuwashika mkono mpaka kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Nilimwambia mratibu. Akasema wao ni watu wa tabia, si watu wa mikopo. Namheshimu, ni mtu mzima, lakini jibu lile lilinikera mpaka nikasahau mwavuli pale ukumbini.

La pili, gereza. Katikati ya kozi wanakodi basi dogo na kuwapeleka vijana gerezani wakafokewe na wafungwa. Nia nzuri, najua: waone, waogope. Marekani waliianza hii tangu miaka ya 1970 katika gereza la Rahway, New Jersey, wakaiita Scared Straight, ikasifiwa nchi nzima. Baadaye Anthony Petrosino na wenzake wakakusanya majaribio 9 yaliyolinganisha vijana waliopelekwa na wasiopelekwa. Waliopelekwa ndio waliofanya makosa zaidi. Zaidi! Yaani ni afadhali basi lile lingebaki limeegeshwa. Sishangai. Mtoto wa kaka yangu alirudi nyumbani hajaogopa hata kidogo. Alirudi akituigizia nyapara aliyewafokea, anavyotembea, anavyovuta pumzi kabla ya kusema, na wadogo zake wamekaa mkekani wanampigia makofi. Mwone nyapara, kapata wafuasi Ujiji.

Mafuta ya basi lile wangewapa wapatanishi vocha. Hawa ni kitu cha pili kizuri cha kituo hiki, na sijui kwa nini hawawatangazi. Ni watu wazima wawili. Mmoja alikuwa mvuvi, mwingine ni mkongwe wa bodaboda, na wote ujanani walikuwa wababe, Ujiji nzima inakumbuka. Kazi yao ni kufika kwenye ugomvi siku ile ile, kabla ya marafiki wa aliyeumizwa kuamua watakachofanya. Ndiyo kazi aliyoianzisha daktari Gary Slutkin katika mtaa wa West Garfield Park, Chicago, mwaka 2000. Kabla ya hapo alikuwa ameshughulika na kifua kikuu San Francisco na kipindupindu kwenye kambi za wakimbizi Somalia, na alipoitazama ramani ya mauaji ya Chicago aliona inavyosambaa kama alivyoona magonjwa yakisambaa: penye mmoja, baada ya siku chache penye watatu. Akaajiri watu wa mtaani ambao wakorofi wanawaheshimu, ili wakate mnyororo. Matokeo hayakufanana kila mji ulioiga. Kuna palipotulia na kuna ambapo hakuna kilichobadilika. Kwa hiyo simwahidi mtu muujiza.

Nasema nilichokiona. Usiku mmoja kijana kachomwa bisibisi begani, kwenye banda la mpira, sababu ni kiti. Nilikuwa bado naminya pamba kuzuia damu huku nimempigia mtu wa bajaji ampeleke hospitali. Yule mvuvi akaingia, amevaa kandambili, sijui nani alimwambia. Hakuuliza nani kakuchoma. Aliuliza, "Wenzako wako wapi sasa hivi?" Kijana akababaika, akasema wamekwenda Buzebazeba. Mzee akatoka hapo hapo bila kuaga. Kesho yake nikasikia aliwakuta njiani wakiwa na nondo, akakaa nao barabarani mpaka karibu na alfajiri akiwasimulia mambo ya ziwani. Usiku ule haukuingia kwenye ripoti yoyote, maana kilichozuiwa hakihesabiwi. Na simu yake wakati mwingi haina salio. Kituo kinachapisha fulana.

Lawama yangu ya tatu inahusu daftari, mnivumilie, hapa nitakaa kidogo.

Mji wa Cardiff, Wales, daktari wa upasuaji wa uso na taya, Jonathan Shepherd, aligundua kwamba majeruhi wengi aliokuwa akiwashona hawakuwa kwenye vitabu vya polisi. Walikuwa hawaripoti, kama wangu. Akaanzisha utaratibu mdogo: mapokezi ya dharura wanamwuliza majeruhi amepigiwa wapi hasa, siku gani na saa ngapi, kwa kitu gani. Jina linaondolewa, taarifa zinakwenda kwa polisi na halmashauri ya jiji. Kwa taarifa hizo wakajua baa ipi na kona ipi, wakahamisha doria, wakabana leseni, glasi za bia zikabadilishwa zisiwe silaha. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulilinganisha Cardiff na miji 14 inayofanana nayo, ukakuta waliolazwa hospitali kwa kupigwa wamekuwa pungufu kwa asilimia 42 kuliko ambavyo ingetarajiwa. Bila dawa mpya, bila jengo jipya. Shirika la Afya Duniani lilitamka tangu mwaka 1996 kwamba ukatili ni tatizo la afya ya jamii; wale wa Cardiff walilichukua tamko kama kazi ya karani.

Nikasema, karani hata mimi naweza. Nikanunua daftari la mistari, majina siandiki kabisa. Naandika siku, saa, mtaa, na kitu kilichotumika: wembe, chupa, bisibisi, mkanda, meno. Ndiyo, meno. Mambo mawili yakajitokeza. La kwanza kila mtu angelibashiri: mabanda ya mpira, mechi za usiku za Ulaya, ile robo saa watu wanapotoka kwa mlango mmoja mwembamba, waliofungwa na waliofunga wakibanana. La pili lilinishangaza na mimi niliyezaliwa hapa. Ni mbalamwezi.

Wa bara nieleze. Dagaa wa Tanganyika wanavuliwa usiku kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu, mwanga umetapakaa ziwa zima, dagaa hawaji kwenye taa, mitumbwi inapumzika. Siku hizo kadhaa kila mwezi vijana wa Kibirizi, Katonga na vijiji vya pwani wako nchi kavu, wana fedha ya giza lililopita, hawana kazi, na hawana usingizi kwa sababu mwili umezoea kukesha. Ukurasa wa daftari langu unajaa siku hizo. Na mwaka 2024 uvuvi ulipofungwa kwa miezi mitatu kuanzia katikati ya Mei ili samaki wazaliane, tuliishi mbalamwezi ya miezi mitatu, isipokuwa safari hii fedha nayo haikuwepo. Sipingi kufunga ziwa, migebuka tuliyoila mwaka uliofuata tuliiona. Nasema mtu aliyepanga kozi ya vijana katika mji wa wavuvi, ratiba yake haijui mwezi unaandama lini.

Nilipeleka daftari kituoni. Mratibu akafunua kurasa mbili, akasema, "Hii mama ni ya polisi." Polisi nao, nilipodokeza, wakaniuliza mbona majina hakuna. Yule mvuvi wa kandambili ndiye aliyeliazima, akalala nalo, akalirudisha na alama ya kikombe cha chai kwenye jalada. Tangu hapo siku za mbalamwezi anashinda Kibirizi kwa hiari yake. Hajalipwa.

Kikao cha walezi sitakisifia wala kukisema vibaya; kilikuwa kimoja, kikaja na soda, kina baba wakatuma wake zao. Wangejua Afrika Kusini, jimbo la Eastern Cape, kozi ya mzazi na kijana wake iliyopimwa kwa familia 552 ilikuwa na vikao 14, na ndiyo ikapunguza kupigwa na kutukanwa kwa watoto nyumbani. Mara moja kwa soda ni salamu.

Kuna swali moja lilibaki hewani na linanisumbua hadi leo. Jioni ya mazoezi, mwanafunzi mmoja akanyoosha mkono: "Sawa, mwenzangu nitamwomba. Mwalimu akinichapa bila kosa, naye nimfanyie nini?" Utingo wetu, mwenye maneno yote, akakosa neno. Kanuni zetu zinasema viboko si zaidi ya 4, kwa ruhusa ya mkuu wa shule, na viandikwe kitabuni. Mnaojua shule mnajua. Utafiti wa taifa wa mwaka 2009 kuhusu ukatili kwa watoto ulikuta karibu robo tatu ya vijana, wa kike na wa kiume, wamepigwa ngumi, mateke au mijeledi kabla ya kutimiza miaka 18, na walimu wametajwa humo pamoja na jamaa wa nyumbani. Mtoto anayefundishwa Jumanne jioni kwamba maneno yanatosha, na Jumatano asubuhi anafundishwa kinyume chake kwa fimbo, amfuate nani?

Na hili halitengenezwi kwa semina fupi, tumeshaonyeshwa hapa hapa mkoani. Kambi ya Nyarugusu, wilaya ya Kasulu, walimu wa shule 27 waliingizwa kwenye jaribio: nusu wakapata mafunzo ya kutuliza hasira na kuongoza darasa bila fimbo, wakikutana kwa vikundi wenyewe kwa wenyewe, nusu hawakupata. Matokeo yakachapishwa mwaka 2021, kwamba kupigwa kwa wanafunzi hakukupungua. Nawaheshimu watafiti walioyachapisha hayo bila kuyapamba. Luwero, Uganda, shule 42, walichukua njia ndefu: miezi 18, shule nzima, mwalimu mkuu, walimu, wanafunzi na wazazi, kamati na shughuli zao. Mwishoni waliopigwa na mfanyakazi wa shule katika wiki iliyopita walikuwa 31 kati ya kila wanafunzi 100, na shule ambazo hazikupata programu karibu 49. Thelathini na moja bado ni wengi mno, lakini pengo lile ni watoto. Kituo chetu kiko hatua chache kutoka shule mbili na sijawahi kumwona mwalimu hata mmoja mlangoni kwao.

Mtoto wa kaka yangu kamaliza. Bado ana mdomo, hilo ni la ukoo. Lakini nimemwona kwa macho yangu kwenye foleni ya maji akisukumwa na mtu, akafungua mkono akautazama, akacheka peke yake, akasogea. Mwenye kumsukuma akabaki anashangaa. Kwa shilingi sifuri, mimi hiyo naichukua.

Mambo ya kujua kabla hujaenda. Ukumbi una vumbi na choo ni kimoja. Maji ya kunywa abebe ya kwake. Makundi mapya yanaanza shule zikifunguliwa na nafasi zinawahiwa na watoto wa jamaa zao, kwa hiyo usisubiri tangazo, nenda mwenyewe. Omba kundi la yule kijana wa Katubuka. Karatasi ya ruhusa ya ziara ya gereza usiisaini, hawamfukuzi mtoto kwa hilo. Kama kijana wako anaumizwa nyumbani au shuleni, hiyo si kazi ya kozi: kuna dawati la jinsia na watoto polisi, na namba 116 inapigwa bure. Na mwenye kijana wa Kibirizi au Katonga, mkienda kuandikisha ulizeni kundi la asubuhi, maana alasiri ndiyo wanatengeneza taa na nyavu. Mimi nimeuliza nikaambiwa hakuna waombaji. Tukiwa wengi hawatapata la kusema.